Ati kuna mbegu ya mahindi isiyohitaji CAN? Naomba ukweli kabla ya mvua ya Machi

Wa Mutuini ameuliza:

Habari zenu wadau. Mimi niko Mutuini, Dagoretti, kwenye robo ekari aliyoniachia mama. Udongo ni ule mwekundu unaoshika viatu mvua ikinyesha.

Msimu uliopita nilipanda kwa kilo 12 za mbolea ya DAP, nikajiambia CAN, ile mbolea ya kukuzia, nitainunua mahindi yakifika magotini. Yakafika magotini, na karo ya shule nayo ikafika wiki hiyohiyo. Mnajua ni nani aliyeshinda.

Haukupita muda majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Rangi ilianzia nchani mwa jani ikateremka katikati kama mkuki, kingo zikabaki kijani. Mbelewele zilitoka vizuri tu, nikapata moyo. Ndevu ndizo zilizochelewa. Siku ya kumenya nikakuta mahindi kama kinywa cha babu yangu: jino hapa, pengo pale. Robo ekari nzima ikatoa magunia mawili, tena la pili halikujaa. Jirani yangu, ukuta mmoja, aliyeweka CAN, alipata manne.

Juzi kijana wa agroveti akaniambia kuna chotara mpya "inayojitafutia naitrojeni yenyewe", kwamba nikiipanda nisahau mbolea ya kukuzia. Bei yake ni kubwa kuliko ya mbegu ninayonunua kila mwaka. Nilimuuliza inaitafutia wapi, akacheka akaniambia "ni sayansi hiyo".

Kuna yeyote anayeijua? Nisije nikanunua maneno kwenye pakiti.

---

Tope la Ruai amejibu:

Kama ipo, mimi niwekee gunia zima. Nisubiri hapa na chai.

---

Kamba na Kigingi amejibu:

Ndugu wa Mutuini, hayo majani uliyoyaeleza nayajua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mmea unajila wenyewe, unaitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka juu kwenye machanga.

Kijana wa agroveti ameshika mkia wa jambo la kweli, ila mwili wake hajauona. Mahindi yaliyo dukani hayajitafutii naitrojeni hewani. Wanaofanya hivyo ni jamii ya maharagwe, kunde na njahi, nao wamewapangisha bakteria kwenye vifundo vya mizizi. Mahindi yanachota kilichomo udongoni, basi. Kinachotofautisha mbegu na mbegu ni mambo mawili: inachota kiasi gani katika hicho kidogo kilichopo, na kila gramu iliyochota inageuza punje ngapi. Wapo waokotaji hodari ambao hawajui kupika, na wapo wapishi wazuri ambao hawajui kuokota. Mfugaji wa mbegu anamtafuta anayejua yote mawili.

Miaka ishirini na kitu nilikuwa mtu wa viwanja vya majaribio, mingi Kiboko kule Makueni, barabara ya Mombasa, na ya mwisho Kabete hadi nikastaafu. Mimi si mwandishi wa vitabu. Kazi yangu ilikuwa kamba, kigingi, mizani na daftari. Lakini mbegu za namna hiyo nimezipanda kwa mkono huu, kwa hiyo nitakueleza zinavyopatikana, halafu pesa ni zako.

Kwanza unalitia shamba njaa. Unapanda mahindi bila chembe ya naitrojeni. Fosforasi na potasiamu unaweka, kwa sababu unataka njaa ya aina moja tu, siyo tatu zilizochanganyika. Ukivuna unatoa kila kitu, punje na mabua, hata jani lililoanguka likiwezekana. Msimu ujao hivyohivyo, na unaofuata hivyohivyo, mpaka mahali ambapo pakishibishwa pangetoa tani 8 kwa hekta panatoa mbili au mbili na nusu. Hapo ndipo pamekuwa tayari kwa kazi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na punda wake wa maji alisimama kwenye ua akaniuliza, "Mwanangu, unalipwa mshahara kulima njaa?" Nikamwambia ndiyo mama, na marupurupu juu.

Na njaa hiyo hulindwa kama dhahabu. Mwaka mmoja mbuzi walipenya usiku wakalala humo. Baada ya wiki kadhaa, katikati ya manjano yote, pakatokea kisiwa cha kijani kilichokoza, unakiona hata kutoka barabarani. Mtafiti wetu alikuja akasimama pale, hakusema neno, akatoa kalamu akafuta viwanja sita kwenye ramani. Kazi ya msimu mzima imekwenda na mkojo wa mbuzi.

Utauliza mateso yote hayo ni ya nini, si wangechagua tu mbegu inayozaa sana kwenye shamba lililoshiba wakaiuza? Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanywa, na bado ndivyo inavyofanywa mahali pengi. Mfikirie ng'ombe wa gredi anayekamuliwa lita ishirini akila chakula cha dukani. Mpe majani makavu ya Januari, halafu mpange na wa kienyeji. Orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho inapinduka. Mwaka 1997 Marianne Bänziger na wenzake wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, walilipiga hesabu jambo hili: njaa ikishapunguza mavuno kwa zaidi ya karibu asilimia 40, kuchagua mbegu kwenye shamba lililoshiba hakukusaidii tena kama kuchagua kwenye lenye njaa. Wewe ulitoka magunia manne ukaja chini ya mawili. Upungufu wako umepita asilimia 50. Mbegu iliyokuwa bingwa kwenye shamba la mbolea haikuchaguliwa kwa ajili ya robo ekari yako, hata kama picha ya hindi kwenye pakiti inatoa mate.

Na kwenye njaa hatukupima punje peke yake. Shamba la namna hiyo halifanani hatua kumi kwa hatua kumi. Palipokuwa na kichuguu zamani panazaa kuliko pembeni, na mizani itakudanganya kwamba ni mbegu. Kwa hiyo kila mbegu inarudiwa mahali kadhaa, na unausoma mmea wenyewe. Kila asubuhi na daftari: mbelewele zimeanza kumwaga chavua tarehe ngapi, ndevu zimetoka tarehe ngapi. Mmea wenye njaa hulisha mbelewele kwanza, na hindi hungoja. Chavua inamwagika siku zake chache inakwisha, ndevu zinachungulia wageni wakiwa wameshaondoka. Hayo mapengo uliyoyakuta ukimenya ndiyo hayo. Mbegu ambayo hata kwenye njaa ndevu zake zinatoka siku moja au mbili tu baada ya chavua, hiyo tuliifunga utepe mwekundu. Kisha tulihesabu mimea mia imezaa mahindi mangapi, maana kuna mbegu zinazosimama na mabua matupu kama nguzo za stima. Kisha majani ya chini ya hindi: yamekaa kijani mpaka lini.

Halafu kuna wazazi, na hapa ndipo muda unapokwenda. Chotara huzaliwa na koo mbili safi, kila ukoo umechavushwa na chavua yake yenyewe vizazi sita au zaidi hadi umekuwa mfupi na mnyonge. Tangu 2013 kuna kituo palepale Kiboko kinachopata koo safi kwa vizazi viwili. Kimeokoa miaka. Lakini mzazi mnyonge anaweza kuzaa bingwa na mzazi mzuri akazaa bure, kwa hiyo huna njia ya mkato: unazivusha, unarudisha watoto kwenye shamba la njaa, unahesabu upya.

Mradi mkubwa wa kazi hiyo kwa Afrika ulianza 2010, ukiitwa IMAS. Walikuwamo CIMMYT, KARI, shirika letu la utafiti wa kilimo ambalo leo ni KALRO, ARC ya Afrika Kusini na kampuni ya Pioneer, kwa fedha za Gates Foundation na USAID. Lengo walilojiwekea lilikuwa mbegu itakayotoa asilimia 50 zaidi kwenye udongo duni kwa mbolea ileile kidogo ambayo mkulima anaweza kuinunua. Tazama hayo maneno, "mbolea ileile kidogo". Hakuna aliyesema bila mbolea.

Ukirudi kwa yule kijana muulize swali moja: hii mbegu mliichagulia kwenye shamba gani? Akikuonyesha pakiti, rudi nyumbani. Na ukinunua yoyote, kwangua ile stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, utume namba kwa 1393. Mbegu bandia haina naitrojeni ya kuizungumzia.

---

Binti wa Upper Kabete amejibu:

Shikamoo mzee (ndiyo, hata Nairobi tunaisema). Nasoma kilimo mwaka wa tatu na nimecheka kwa huyo mbuzi, kwa sababu sisi mwaka jana tulipoteza jaribio kwa mtu aliyemwaga maji ya kufulia.

Naomba niongeze mambo mawili, ukinikosoa nitafurahi.

La kwanza, kijana wa agroveti huenda alisikia habari za Mexico. Kule Sierra Mixe, jimbo la Oaxaca, wakulima wana mahindi ya kienyeji yanayofika mita tano, yenye mizizi minene inayoning'inia hewani kwenye bua na kutoa ute kama wa mlenda. Ndani ya ute huo wanaishi bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewa. Utafiti uliochapishwa 2018 ulipima kwamba mahindi hayo yanapata asilimia 29 hadi 82 ya naitrojeni yake kwa njia hiyo. Kwa hiyo "kujitafutia" kupo duniani, mzee, usikatae kabisa!

La pili ni hili la mbelewele. Umesema mmea wenye njaa unalisha mbelewele kwanza. Kuna watu waliuliza: je, tukiizuia isitoe chavua? Kuna jeni inaitwa Ms44 inayofanya mmea usiwe na chavua. CIMMYT, KALRO, ARC na kampuni ya mbegu ya Corteva wameitumia kutengeneza chotara ambayo nusu ya mimea shambani ina chavua na nusu haina. Ile nusu yenye chavua inatosha kuchavusha shamba zima, na ile nyingine naitrojeni yake inakwenda kwenye hindi. Matokeo yao yalitoka 2022: ongezeko la wastani wa kama kilo 200 kwa hekta, na lilionekana hata kwenye mashamba yanayozaa kidogo.

Kwa hiyo Wa Mutuini, usikate tamaa na sayansi.

---

Kamba na Kigingi amejibu:

Marahaba binti. Umenikosoa vizuri na nimekubali. Ndiyo maana nilisema "yaliyo dukani".

Mahindi ya Oaxaca nayapenda kwa picha. Lakini yanakaa shambani zaidi ya nusu mwaka kwenye ukungu na unyevu, na ule ute unataka maji. Ukiyaleta Mutuini mvua ya Machi itakwisha Mei yakiwa bado kijana, na yatasimama hapo yakimtazama mwenyewe mpaka Krismasi. Kuitoa tabia hiyo kule na kuiingiza kwenye chotara ya miezi minne ni kazi ya mtu mwenye umri wako, siyo wangu.

Hiyo ya mbelewele ni kazi safi. Kwetu zamani tuliiona kwa macho bila kuijua jina: kwenye vitalu vya kuzalishia mbegu, mistari ya kike tuliyoikata mbelewele mapema ilinenepa.

Ila ongeza hasara moja ambayo watu wa mbegu hawaipigii tarumbeta. Mpishi hodari wa naitrojeni mara nyingi ni yule anayeijaza punje wanga mwingi kwa naitrojeni kidogo. Punje zinaongezeka, protini ndani ya kila punje inapungua kidogo. Nyumba inayokula ugali na sukuma pekee inapaswa kulijua hilo. Nyumba yenye maharagwe haina haja ya kukosa usingizi.

---

Mfukoni Hakuna amejibu:

Samahani mzee, mimi naona mnazunguka mti. Ikiwa mbegu inatoa mahindi mengi kwenye udongo maskini, si inaunyonya zaidi? Leo tunavuna, kesho tunabaki na matofali. Hao wanaotuletea hizi mbegu baadaye watatuuzia na mbolea. Mei 2024 mkutano wa mbolea na udongo wa Afrika ulifanyika hapahapa mjini, KICC, siku hizo tulikaa kwenye foleni ya magari tukiwapisha. Na ule wa Abuja wa 2006 walisema Afrika ifike kilo 50 za virutubisho kwa hekta ikifika 2015. Mmezifikisha wangapi hapa?

---

Kamba na Kigingi amejibu:

Wewe bwana umegusa kidonda, na sitakupinga. Tufanye hesabu, mimi hesabu za magunia ndizo nilizozaliwa nazo.

Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na naitrojeni kilo 14 au 15 hivi. Jirani wa Wa Mutuini alivuna magunia manne ya kilo 90, yaani kilo 360. Hapo zimetoka kilo 5 za naitrojeni kwenye punje peke yake. Akimpa ng'ombe mabua, na Dagoretti nani hampi ng'ombe mabua, zinaondoka nyingine mbili au zaidi. Jumla saba. Sasa Wa Mutuini aliweka DAP kilo 12. DAP ina naitrojeni asilimia 18, kwa hiyo aliingiza kilo 2 na gramu kidogo. Gunia moja la CAN la kilo 50, ile ya asilimia 26, lina kilo 13. Umeona? Mbegu yoyote itakayompatia magunia manne itakuwa imezitoa mahali hizo kilo saba. Zisipotoka kwenye gunia la mbolea wala kwenye samadi, zimetoka kwenye udongo wa mama yake.

Pale Kabete kuna jaribio la mahindi na maharagwe lililoanzishwa 1976 na nimelitembelea mara nyingi. Viwanja vingine havipati kitu, vingine mbolea, vingine samadi, vingine mabua yanarudishwa, vingine mchanganyiko. Unatembea hatua tano unapita kutoka kwenye mahindi ya kukufika kifuani hadi kwenye ukuta wa kijani. Yanayoongoza ni yale ya samadi pamoja na mbolea. Na jambo lililonisikitisha ni kwamba hata huko mboji ya udongo ilikuwa ikishuka. Ilishuka polepole tu kuliko kwa wenzake.

Kwa hiyo mbegu yenye kujua kutumia naitrojeni ni kisu kikali. Haiongezi nyama kwenye sufuria. Lakini mkulima mwenye nyama kidogo ndiye anayehitaji kisu kikali, na hapo ndipo mimi na wewe tunaachana. Yule mwenye kilo 2 za naitrojeni msimu huu hawezi kungoja Abuja.

Na kuna naitrojeni ya bure watu wa Nairobi mnaimwaga kila mwaka. Miaka ya 1950 palikuwa na mwanasayansi anaitwa Birch pale Muguga, hapo juu tu ukipita Kikuyu. Aliona kwamba udongo uliokauka vizuri jua la Januari na Februari, ukipata maji ya kwanza, vijidudu vyake vinaamka kwa fujo vinaoza mboji na kumwaga naitrojeni nyingi kwa siku chache. Alichapisha 1958, na mpaka leo duniani wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Sasa wewe unangoja mvua inyeshe wiki mbili "ikolee", ndipo unatafuta wa kukulimia. Ile naitrojeni imeshateremka na maji chini ya mizizi. Nyanya zetu waliokuwa wakipanda kwenye vumbi hawakumjua Birch, lakini mahindi yao yalimkuta mezani. Ndiyo maana pia wafugaji wa mbegu wanaitazama mizizi: inayoshuka haraka na wima inaikimbiza naitrojeni inayozama.

---

Tope la Ruai amejibu:

Mzee, mimi huku ni udongo mweusi, ule wa pamba. Mvua ikija shamba linakuwa bwawa siku tatu, mahindi yanageuka manjano hata nikiweka CAN yote ya Nairobi. Hiyo mbegu itanisaidia?

---

Kamba na Kigingi amejibu:

Hapana. Wewe shida yako ni maji. Udongo ukifurika hewa inaisha, na kuna bakteria wanaoigeuza naitrojeni kuwa gesi, inaruka inakwenda zake. CAN yako iko mawinguni juu ya Embakasi. Inua matuta, chimba mfereji, halafu turudi kwenye mbegu.

---

Wa Mutuini amejibu:

Wazee kwa vijana, asanteni. Nimesoma hii yote mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu.

Nimepiga hesabu ya yule binti. Kilo 200 kwa hekta ni kama kilo 80 kwa ekari. Kwa robo ekari yangu ni kilo 20. Gorogoro kumi! Mke wangu alipoona nimekunja uso akaniuliza kuna nini, nikamwambia sayansi ya dunia nzima imeniongezea gorogoro kumi. Akasema gorogoro kumi ni zaidi ya wiki mbili za ugali hapa nyumbani, wewe ulileta ngapi msimu uliopita kwa kuacha CAN? Nikanyamaza.

Nilirudi agroveti nikauliza lile swali, mliichagulia kwenye shamba gani. Kijana akampigia mtu simu, wakaongea, akarudi akaniambia atanijulisha. Si mtu mbaya, alinipa hata kiti.

Nimeamua hivi. Samadi nimeshaongea na mwenye ng'ombe wa Waithaka, mikokoteni mitatu. DAP kidogo kama kawaida, na CAN nusu gunia nainunua sasa Januari, kabla karo haijaamka. Mbegu mpya nitachukua pakiti moja tu niilinganishe na yangu ya kila mwaka. Mzee, nipange vipi ili nisijidanganye?

---

Kamba na Kigingi amejibu:

Mkeo ndiye mtafiti wa nyumba hiyo.

Usipande mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine, utakuwa umelinganisha pande za shamba. Kata shamba mapande sita, kuanzia ukutani hadi njiani. Mbegu mpya, ya zamani, mpya, ya zamani, mpya, ya zamani. Kila pande mistari minne, nafasi ileile, siku ileile, mkono uleule ukiweza. Mistari ya pembeni kabisa usiipime, inakula jua na udongo wa majirani. Pima ile miwili ya katikati.

Samadi gawa kwa ndoo, siyo kwa macho. CAN weka mahindi yakifika magotini, ardhi ikiwa na unyevu, ifunike na udongo. Lakini kwenye kila pande acha hatua tatu za mwisho bila CAN, uweke kigingi. Hizo hatua tatu ndizo shamba lako la njaa. Hapo ndipo utakapoiona tofauti ya mbegu, na huko mbele penye CAN huenda usiione kabisa.

Kila asubuhi ukinywa chai, andika siku mbelewele zinapoanza kutoa vumbi na siku ndevu zinapotokea, kwa kila mbegu. Daftari la shilingi thelathini linatosha. Wakati wa kuvuna, kausha kwanza, pukuchua kila pande peke yake, pima kwa gorogoro. Ukiona mpya imeshinda kwenye mapande yote matatu, kidogo tu lakini yote matatu, hiyo ni habari. Ikishinda moja kwa mbali na ikashindwa mawili, ni kichuguu.

---

Wa Mutuini amejibu:

Nimeelewa. Vigingi nakata kesho kwenye ule mti wa mama uliokauka. Kuna la kuogopa ambalo sijaliuliza?

---

Kamba na Kigingi amejibu:

Mbuzi.